Kinga ya mwili na kansa: namna ya kuelewa kinachoendelea, cha kumuuliza daktari, na dalili za kuchunga ukiwa nyumbani

Siku dada yangu mkubwa alipoambiwa ana kansa ya mapafu, kabla hata jua halijazama simu yangu ilikuwa imejaa ushauri, na ushauri wote ulikuwa ni uleule: muongezeeni kinga. Huyu anatuma picha ya unga, yule video ya majani, mwingine vidonge vya kwenye kopo, na wote wanasema kinga yake imeshuka ndo maana kansa imeingia. Mi sikuwa najua lolote kwa hiyo nikaamini, nikanunua makopo mawili. Hayakufunguliwa. Baada ya miaka ya kumsindikiza hospitali, kukaa naye kwenye dripu na kuuliza maswali ya kijinga mpaka manesi wakanizoea, nimeelewa kwamba mara nyingi shida sio kinga kuwa dhaifu. Kinga ipo na ina nguvu zake, ila imechezewa akili. Ukishalielewa hilo, maswali ya kumuuliza daktari yanabadilika na dalili za kuchunga nyumbani zinabadilika pia. Mi si daktari, ni mtu wa kuuguza tu, kwa hiyo haya ni ya kukusaidia kuongea na daktari wako, sio ya kukaa badala yake.

Elewa kwanza kinga inafanya nini siku zote

Karibu kila seli ya mwili huwa inaonyesha nje, kwenye ukuta wake, vipande vidogo vya protini inazotengeneza ndani, kama mtu aliyebandika kitambulisho dirishani. Kuna seli nyeupe zinaitwa seli T, zenyewe zinapita zinasoma hivyo vitambulisho, zikikuta cha kawaida zinaendelea na safari, zikikuta kipande cha virusi au cha protini iliyopinda kwa sababu jeni za seli zimeharibika, zinaiua hiyo seli hapohapo. Sasa utasema si kansa ikifiche tu kitambulisho, na kweli kuna kansa zinafanya hivyo, ila hapo kuna askari wa aina nyingine, seli NK, hao ndo wanamshuku hasa yule asiyeonyesha kitambulisho. Kwa hiyo mwili una ulinzi wa tabaka mbili na zaidi, na seli mbovu nyingi zinakufa bila wewe kujua kama ziliwahi kuwepo.

Tunajuaje hii sio hadithi? Angalia watu ambao kinga yao imeshushwa. Mtu aliyepandikizwa figo anameza dawa za kuituliza kinga ili isiikatae figo mpya, na watu hawa wanapata kansa kama mara mbili ya watu wengine, kansa za ngozi ndo zinawapata zaidi ya hapo. Watu wenye VVU wasiotumia dawa, Kaposi sarkoma, kansa inayotoa madoa kwenye ngozi, inawaandama, na wakianza dawa na CD4, seli za kinga ambazo VVU inaziua, zikipanda, kuna ambao madoa yanapungua bila hata kemo. Afu kuna kisa kimoja kilichapishwa mwaka 2003 ambacho mi kilininyima usingizi: watu wawili walipewa figo za marehemu mmoja, wote wawili wakapata melanoma, kansa ya seli za rangi ya ngozi, na ikaja kugundulika kwamba yule marehemu alishawahi kutibiwa melanoma miaka 16 nyuma na akahesabika amepona. Yaani seli zilikuwepo kwenye figo muda wote huo zimetulia, kinga yake ilikuwa imezikalia kooni, zilipohamia kwenye mwili ambao kinga imetulizwa na dawa zikaamka.

Mtafiti Robert Schreiber wa Marekani na wenzake, miaka ya mwanzoni ya 2000, waliupanga huu ugomvi kwa hatua tatu. Kwanza kinga inafyeka seli mbovu. Zinazobaki zinaingia kwenye kuvutana, kinga haizimalizi na zenyewe hazikui, inaweza kuwa miaka mingi. Mwisho zinaponyoka. Na hapa ndo kuna jambo ambalo watu wa makopo hawalisemi: zinazoponyoka ni zilezile ambazo kinga yenyewe imezichuja bila kutaka, imeua zote rahisi zikabaki sugu zinazojua kujificha. Kwa hiyo uvimbe unaouona kwenye skani ni wahitimu wa shule ngumu sana. Kuwamwagia unga wa majani hawashtuki.

Jua ujanja ambao kansa inatumia

Usiruke hii sehemu, ndo inayofafanua dawa. Kansa sio mgeni kama bakteria, ni seli zako mwenyewe, zina vitambulisho karibu vyote halali, na kinga imefundishwa tangu utotoni isiguse cha kwake. Hilo peke yake ni kikwazo. Juu ya hapo, seli T zina breki, na breki hizo sio kasoro, Mungu ametupa kwa sababu, bila breki kinga ingemaliza mwili wote kila ukipata mafua. Breki moja inaitwa PD-1. Seli ya kansa inajifunza kuota kitu kinaitwa PD-L1 juu yake, seli T ikija kuiua, PD-L1 inakanyaga ile breki, seli T inasimama palepale mbele ya adui inamtazama tu. Uvimbe pia unaita seli T za kutuliza, zile ambazo kazi yake ya kawaida ni kuzuia kinga isishambulie mwili (waliofumbua siri ya hizi ndo waliopewa Nobel ya tiba 2025, Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi), unazigeuza makrofeji, wale wala uchafu, ziwe watumishi wake wa kuuletea mishipa ya damu, na unakula sukari yote ya eneo lile mpaka seli T zinadhoofika.

Na kuna upande mwingine unaochanganya zaidi. Kinga inaweza kuilea kansa. Kuwaka kwa muda mrefu, yaani sehemu ya mwili inayowaka moto kidogo kidogo miaka na miaka, kama ini lenye hepataitisi B au C, au tumbo lenye yule bakteria H. pylori, kinga inapigana hapo bila kumaliza, seli zinakufa na kuzaliwa upya kila siku, na kila kuzaliwa ni nafasi ya kukosea kunakili jeni. Sasa mtu anayekuambia "ongeza kinga", muulize anaongeza ipi, ile inayoua kansa, ile inayoituliza ile inayoua, au ile inayowasha moto? Hana jibu. Ndo maana nasema makopo yangu hayakufunguliwa, sio ubahili.

Jua umeandikiwa nini hasa

Hili ni kosa tulilofanya sisi. Dada aliporudi na karatasi yake wote nyumbani tukasema anaanza kemo. Haikuwa kemo. Watu wanaita kila dripu ya kansa kemo, na tofauti yake sio ya maneno tu, kwa sababu hatari zake zinakwenda njia mbili tofauti kabisa.

Kemo inaua seli zinazogawanyika haraka, na seli nyeupe zinatengenezwa kwa haraka kwenye uboho, kwa hiyo zinapungua, mara nyingi zinafika chini kabisa siku ya 7 mpaka ya 14 hivi baada ya dripu. Hapo kinga ni dhaifu kwelikweli, na homa ya kuanzia nyuzi 38 ni dharura, usimeze panado ukalala ukisubiri kesho, unaenda hospitali usiku huohuo, maana bakteria mdogo tu anaweza kumaliza mtu kwa masaa. Kipimajoto kiwepo nyumbani, na ujue kukisoma.

Imunotherapi ya kuondoa breki ni kinyume. Hizi dawa ni kingamwili, yaani protini za kinga, zilizotengenezwa maabara zinazokwenda kuziba PD-1 au PD-L1 au breki nyingine iitwayo CTLA-4, ili seli T zilizosimama zianze kazi tena. Dawa yenyewe haiui kansa, inaifungua tu kinga yako ikaue. Majina utakayokutana nayo ni pembrolizumabu, nivolumabu, atezolizumabu, ipilimumabu (kwenye chupa hiyo "u" ya mwisho haipo, ukiona jina la dripu linaishia na "mab" uliza kama ni ya breki, kwa sababu kuna "mab" nyingine zinafanya kazi tofauti kabisa). Hatari yake sio kinga kushuka, ni kinga kuachiwa ikaanza kugusa na viungo vizima. Nitarudi hapo kwa kirefu maana ndo kiini cha haya yote.

Historia yake fupi, kwa sababu mi nilipoijua niliacha kudhani ni majaribio ya jana. Mwaka 1891 daktari wa upasuaji New York, William Coley, alianza kuwadunga wagonjwa wa sarkoma, kansa ya mifupa na misuli, bakteria kwa makusudi ili homa iamshe mwili, wengine uvimbe uliyeyuka, wengine walikufa kwa maambukizi, na wenzake hawakumwamini sana. Miaka mia moja baadaye Tasuku Honjo na timu yake Japani wakaigundua PD-1, mwaka 1992, na James Allison huko Marekani akaonyesha kwa panya, 1996, kwamba ukiziba CTLA-4 uvimbe unakufa. Dawa ya kwanza ya aina hii, ipilimumabu, ikaruhusiwa Marekani 2011, zile za PD-1 zikafuata 2014, na wazee hawa wawili wakapewa Nobel 2018. Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, mwaka 2015 alikuwa na melanoma iliyofika kwenye ubongo akiwa na miaka zaidi ya 90, akapata mionzi na pembrolizumabu, na akaishi mpaka Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Usichukue kisa chake ukadhani kila mtu ataenda hivyo. Wengi hawaitikii hizi dawa, au wanaitikia kwa muda afu kansa inapata ujanja mwingine. Lakini wanaoitikia, kuna ambao wanaitikia kwa miaka, hilo kwenye kemo ya kansa iliyosambaa ni nadra kuliona.

Kuna na za aina nyingine, nazipitia haraka. BCG, ileile chanjo ya kifua kikuu, inawekwa ndani ya kibofu kwa mrija kwa kansa ya kibofu ambayo haijazama kwenye msuli, inawasha kinga ya pale, matokeo yake ya kwanza yalichapishwa 1976 na mpaka leo inatumika. CAR-T, seli T zako zinatolewa, zinabadilishwa jeni maabara zipewe jicho la kuiona kansa, zinarudishwa, ni ya baadhi ya kansa za damu, inahitaji hospitali kubwa, na siku za mwanzo kinga inaweza kuwaka mwili mzima na presha kushuka kwa hiyo unalazwa au unakaa jirani kabisa na hospitali.

Maswali ya kwenda nayo

Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa, ukikaa mbele ya daktari kichwa kinafutika chote. La kwanza la kwangu lingekuwa: nyama iliyokatwa ya biopsi imepimwa PD-L1? Ni asilimia ngapi? Kwa kansa ya mapafu ile isiyo ya seli ndogo, ikiwa asilimia 50 na kuendelea, daktari anaweza kutumia imunotherapi peke yake bila kemo, ikiwa chini mara nyingi anachanganya. Na je imepimwa MSI, au wengine wanaita MMR, yaani kama kansa imepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya jeni? Hii ni muhimu hasa kwa kansa ya utumbo mpana, ya mji wa mimba na ya tumbo, kwa sababu kansa yenye makosa mengi ya jeni inakuwa na vitambulisho vingi vya ajabu, kinga inaiona vizuri, na ukiondoa breki inaliwa. Mwaka 2017 Marekani waliruhusu pembrolizumabu kwa kansa yoyote ya uvimbe iliyosambaa yenye hali hiyo haijalishi imeanzia kiungo gani, jambo ambalo halijawahi kufanyika kabla. Na mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering walitoa matokeo ya wagonjwa 12 wa kansa ya rektamu, mwisho wa utumbo mpana, wa aina hiyo waliopewa dawa ya breki peke yake, wote 12 uvimbe ukapotea, bila upasuaji wala mionzi. Ni kundi dogo na ni aina ndogo ya kansa ya rektamu, ila ndo uone kwa nini kipimo ni muhimu kuliko kopo.

Kama ni mapafu, uliza pia kama wamepima mabadiliko ya jeni kama EGFR na ALK. Ukiwa nayo, vidonge vya kulenga jeni hiyo ndo huwa vinatangulia na dawa za breki huwa hazifanyi vizuri, na mpangilio una maana: baadhi ya vidonge hivyo vikianzwa muda mfupi baada ya imunotherapi, mapafu yanaweza kuwaka. Kwa hiyo usikubali kukimbizwa kwenye dripu kabla majibu hayajatoka, isipokuwa daktari akueleze kwa nini haiwezi kusubiri.

Na wewe nawe una ya kusema, usisubiri uulizwe. Kama una ugonjwa wa kinga kujishambulia, lupasi, baridi yabisi ile ya kinga, soriasisi, ugonjwa wa utumbo wa kudumu, sema, hata kama ulikuwa zamani umetulia. Kama umepandikizwa kiungo ndo kabisa, maana ukiondoa breki kinga inaweza kukikataa. Kama unameza steroidi, dawa za kutuliza kinga, kwa sababu yoyote, kama umewahi kuugua kifua kikuu au una hepataitisi B, kama una mimba au unategemea kupata. Na dawa za mitishamba, jamani, ziseme, daktari akikukunjia uso mvumilie, kwa sababu ini lako likianza kupanda kwenye vipimo anatakiwa kujua ni dawa yake au ni ile chupa ya bibi chini ya kitanda. Sisi tulificha moja, na siku vipimo vya ini vilipopanda ilibidi tuisimulie mbele ya watu sita, aibu tupu.

Chanjo: zile zisizo na kirusi hai, kama ya mafua ya kuchoma sindano, kwa kawaida zinaruhusiwa na zinashauriwa, zile zenye kirusi hai uliza kwanza, na ukiwa kwenye kemo usizikaribie.

Siku ya dripu na zinazofuata

Dripu yenyewe haina makuu. Pembrolizumabu inaingia nusu saa, kila wiki 3 au kwa dozi kubwa kila wiki 6, kabla yake wanachukua damu kuangalia ini, figo, sukari na homoni za tezi ya shingo. Nywele kwa kawaida hazinyonyoki. Dada alitoka siku ya kwanza anacheka anasema hii ndo kansa yenyewe? Na hapo ndo mtego ulipo, kwa sababu madhara hayaji siku hiyo, yanaweza kuja baada ya wiki, baada ya miezi, hata baada ya dripu ya mwisho kabisa wakati wote mmesahau.

Kanuni ya kushika: chochote kinachoishia kuwa "kiungo kimewaka" kinawezekana. Ngozi inawasha na upele, hii ndo ya kawaida na mara nyingi ni nyepesi. Utumbo, unaharisha. Mapafu, kikohozi kikavu kipya au pumzi inakatika ukipanda ngazi ulizokuwa unazipanda. Ini, macho ya njano na mkojo wa rangi ya chai nzito. Tezi ya shingo, uchovu, baridi, unanenepa bila kula, au mwanzoni moyo kwenda mbio. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo au zile zilizo juu ya figo, kichwa kinauma kisichoisha, kizunguzungu, presha ya chini, uchovu ambao mtu hawezi kuinuka. Kongosho, kiu kali na kukojoa kila saa, hiyo ni sukari ya ghafla na inaweza kumwangusha mtu kwa siku chache. Viungo kuvimba. Na moyo, ni nadra ila unaua, maumivu ya kifua, mapigo kuruka, kope kulegea au misuli kuishiwa nguvu, hapo hakuna kusubiri wala kupiga simu ya ushauri, ni kwenda tu.

Sasa nikupe kilichotupata. Baada ya dripu ya tatu dada akaanza kuharisha, siku ya kwanza mara tatu, ya pili mara tano, tukasema amekula kitu. Tukaenda kituo cha karibu, wakauliza anatumia dawa gani, mi nikajibu kwa kujiamini kabisa, kemo. Wakampa dawa ya kufunga tumbo na antibayotiki, wakatuambia turudi nyumbani. Siku ya nne anaenda mara nane, kuna damu, hawezi kusimama. Nilipompigia nesi wa kliniki ya kansa swali lake la kwanza lilikuwa mlisema ni imunotherapi? Hatukusema. Hatukujua kama ni neno la kusema. Tiba ya utumbo uliowashwa na kinga ni steroidi za dozi kubwa, sio dawa ya kufunga tumbo, na ukifunga tu unaficha moto ndani ya nyumba. Alilazwa siku tisa.

Kwa hiyo fanya hivi: omba kadi. Hospitali nyingi zinazotoa hizi dawa zina kadi ndogo, kama hawana andika mwenyewe kwa kalamu: jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, "dawa hii inaweza kufanya kinga kushambulia kiungo chochote", na namba ya simu ya kliniki. Iwe kwenye pochi ya mgonjwa na picha yake iwe kwenye simu ya kila anayemuuguza. Ukifika popote pa dharura, hata kwa jino, kadi inatangulia kabla ya salamu. Kuhusu kuharisha kipimo ni hiki: hesabu mara ngapi zaidi ya kawaida yake. Zikizidi chini ya nne piga simu siku hiyohiyo, zikizidi nne mpaka sita anatakiwa aonwe leo, saba na kuendelea, au damu, au tumbo linauma sana, ni kulazwa.

Steroidi zikianza zitumike kama ilivyoandikwa. Zinashushwa taratibu, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6 au zaidi, ukizikata ghafla kwa sababu amepata nafuu moto unarudi, na mwili wenyewe unaweza kukosa homoni yake. Watu wanaogopa kwamba steroidi zitaiua dawa ya kansa, hofu hiyo ipo kila mahali, ila kwa madhara makali hakuna mjadala, mtu anatakiwa awe hai kwanza, na wapo wengi waliosimamishwa dawa kwa madhara na kansa yao ikaendelea kutulia. Baadhi ya madhara yanapoa, ila ya homoni mara nyingi hayarudi nyuma, tezi ikishachomwa imechomwa, unameza homoni mbadala maisha yote. Shida ya tezi ya shingo peke yake mara nyingi haimzuii mtu kuendelea na dripu.

Skani ya kwanza isikuvunje moyo, wala isikupumbaze

Mara chache seli T zikiingia kwenye uvimbe zinaufanya uonekane umekua, kumbe ni askari wamejaa ndani. Ndo maana skani moja ya mwanzo ikionyesha umeongezeka na mgonjwa mwenyewe anajisikia vizuri, daktari anaweza kusema tusubiri wiki kadhaa turudie. Ila nasema mara chache, tena ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kama uvimbe umekua na mtu anakonda na maumivu yanaongezeka, hiyo huwa ni kansa inakua kweli, na kung'ang'ania kwamba ni askari kunapoteza muda wa kubadilisha dawa. Muulize daktari waziwazi anadhani ni ipi na kwa nini.

Kama bado unataka kufanya kitu kwa ajili ya kinga

Najua mtu akiugua familia inataka kufanya kitu, kukaa bure kunauma. Basi fanyeni haya. Aache sigara, na wanaokaa naye waache kuvutia ndani. Atembee kila siku hata kidogo, alale, ale chakula cha kutosha chenye protini maana kukonda kunapunguza nguvu ya kuhimili dawa. Meno yatibiwe kabla ya kuanza. Antibayotiki zisinywewe ovyo kwa kila kikohozi, kuna dalili kwenye tafiti kwamba bakteria wa utumbo wana mkono kwenye namna mtu anavyoitikia hizi dawa, kwa hiyo zikihitajika kweli anywe, zisipohitajika aziache.

Na kwa wazima wa nyumba hiyo hiyo, kuna njia moja ya kuiandaa kinga dhidi ya kansa ambayo inafanya kazi bila ubishi, nayo ni chanjo. Chanjo ya hepataitisi B inakinga kansa ya ini, ya HPV, ipo tangu 2006, inakinga kansa ya mlango wa kizazi na nyingine kadhaa, ni nzuri zaidi ikitolewa kwa watoto kabla hawajakutana na kirusi. Hizi haziongezi kinga kwa ujumla, zinaifundisha sura moja ya adui mmoja kabla hajafika. Binti wa dada alichomwa yake wakati mama yake yuko kwenye dripu ya tano, walienda hospitali moja siku moja, mmoja ghorofa ya juu mmoja ya chini.

Dada sasa amemaliza dripu. Kila asubuhi anameza kidonge cha tezi kabla ya kula kitu chochote, maana ile ya shingo haikurudi, na kila miezi mitatu anapimwa. Wiki iliyopita alikuwa anasafisha pochi yake, akatoa kadi akaniuliza kama sasa anaweza kuitupa. Nikamwambia airudishe.